Nyota waliokomaa, damu changa au watoto wa nyumbani: klabu yako ijenge kikosi kwa njia ipi?

Simba ilibeba ubingwa wa Ligi Kuu Tanzania Bara mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Yanga ikapokea kijiti, nayo ikabeba minne, 2021/22 hadi 2024/25. Ndani ya miaka hiyo minane kila moja imefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kwa wakati wake, na kila moja imejenga na kubomoa kikosi zaidi ya mara moja. Pembeni yao Azam imejaribu njia ya tatu. Kwa hiyo mabishano ya usajili hayana sababu ya kufanyika hewani. Ushahidi upo uwanjani, na mwingine upo kwenye hesabu za fedha.

Naandika kama mtu wa Msimbazi, yaani shabiki wa Simba, na Yanga nitaisifu pale inapostahili. Nalinganisha njia tatu: kununua wachezaji waliokomaa, kufumua kikosi na kuanza upya na damu changa, na kulea vijana wenyewe. Namwandikia mwanachama wa tawi anayejiandaa kwa mkutano mkuu, na zaidi namwandikia shabiki wa timu ya mkoani ambaye kila dirisha la usajili anaona timu yake ikiiga Simba na Yanga, timu za Kariakoo, bila kuwa na mfuko wa Kariakoo.

Msimamo wangu nauweka mapema. Ubingwa huletwa na uti wa mgongo wa wachezaji watano au sita waliokaa pamoja misimu miwili na kuendelea, wakilipwa kwa wakati. Njia zote tatu zinaweza kukupa hilo, na zote zinaweza kukunyima. Kinachotofautiana ni gharama, na nani ana ubavu wa kuibeba.

Tuanze na fedha, kwa sababu ndizo zinazoamua

Mei 2021 TFF, shirikisho la soka nchini, na Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Ukigawa kwa miaka unapata wastani wa bilioni 22 na ushee kwa mwaka kwa ligi nzima, kabla hujafika kwenye mgawo wa timu moja moja. Kwa timu ndogo ya mkoani, fungu hilo ndilo mapato ya uhakika. Kinachobaki ni mdhamini wa jezi akipatikana, na kiingilio cha ile siku Simba au Yanga wanapokuja.

Kwa wakubwa hesabu ni nyingine. Mwaka 2022 Yanga ilisaini na SportPesa mkataba wa miaka mitatu wa takribani Sh bilioni 12.3. Simba mwaka huohuo ikasaini na M-Bet miaka mitano kwa Sh bilioni 26.1. Hapo ni kama bilioni 4 kwa mwaka kwa Yanga na 5 kwa Simba, kwenye kifua cha jezi tu. Juu yake kuna wafadhili, GSM kwa Yanga na Mohamed Dewji kwa Simba.

Halafu kuna CAF, shirikisho la soka Afrika, na hapa ndipo watu wengi hawapigi hesabu. Kwa zawadi zilizopandishwa mwaka 2023, kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ni dola 900,000, na kuishia makundi ni dola 700,000. Kwenye Kombe la Shirikisho, makundi ni dola 400,000, robo fainali 550,000, nusu fainali 750,000, na mshindi wa pili anaondoka na dola milioni 1. Robo fainali moja ya Ligi ya Mabingwa ni zaidi ya Sh bilioni 2, yaani karibu nusu ya mdhamini wa jezi wa mwaka mzima. Ongeza "Goli la Mama", ile zawadi ya Rais Samia iliyoanza mwaka 2023 kwa milioni 5 kwa kila bao la mashindano ya CAF na baadaye ikapandishwa.

Kwa hiyo Simba au Yanga wakimleta winga wa Ivory Coast kwa mshahara mkubwa, wanaweka dau kwenye pesa inayoweza kurudi msimu huohuo. Timu ya nafasi ya tisa ikifanya hivyo hairudishiwi na yeyote, kwa sababu kumaliza nafasi ya tisa badala ya kumi na moja hakuleti dola. Hili ndilo jambo la kwanza la kuangalia kabla hujashabikia utambulisho wa mchezaji yeyote mpya.

Jambo la pili: pesa ya mdhamini mmoja si mtaji. Majirani zetu Kenya walijifunza kwa uchungu mwaka 2019. SportPesa ilipofunga shughuli zake kule baada ya mgogoro wa leseni na kodi, ligi yao, Gor Mahia na AFC Leopards walipoteza mdhamini kwa mpigo mmoja. Mikataba ya wachezaji ilikuwa palepale, mishahara ikawa haina pa kutokea.

Njia ya kwanza: kununua waliokomaa

Yanga ya 2021 ndiyo mfano bora ninaoujua katika ligi yetu. Baada ya kuitazama Simba ikitamba miaka minne, dirisha moja kubwa likawaleta Djigui Diarra golini kutoka Mali, Djuma Shaban na Yannick Bangala kwa ulinzi, Khalid Aucho kiungo mkabaji, na Fiston Mayele mbele. Hawakuwa watoto wa majaribio. Walikuwa watu waliokwishacheza mashindano ya Afrika, baadhi wakijuana kutoka AS Vita ya Kinshasa, na kocha Nasreddine Nabi alikuwa ameshafika Aprili, miezi kadhaa kabla yao.

Matokeo yalikuja haraka. Msimu wa 2021/22 Yanga walimaliza bila kupoteza mechi, na mfululizo wao wa mechi 49 za ligi bila kufungwa ulikatwa na Ihefu kule Mbarali, Novemba 2022, kwa mabao 2-1. Msimu huo wa 2022/23 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho. Walifungwa 2-1 na USM Alger Dar es Salaam, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, na kombe likawaponyoka kwa kanuni ya bao la ugenini. Mayele aliibuka kinara wa mabao wa mashindano yale akiwa na saba.

Kisha likatokea ambalo kila mtu aliliogopa: Mayele akauzwa Pyramids ya Misri katikati ya 2023. Straika aliyekuja kuziba pengo, Hafiz Konkoni, hakuziba. Lakini Yanga haikuanguka, na hapa ndipo penye somo lote la njia hii. Novemba 5, 2023 walitufunga 5-1, na wafungaji walikuwa Musonda, Maxi mara mbili, Aziz Ki na Pacome. Ondoa Musonda, waliobaki wote walikuwa wanatokea eneo la kiungo. Nyuma yao Diarra, Dickson Job, Bacca, Mwamnyeto na Aucho walikuwa hawajaguswa. Mashine ilikosa kifaa kimoja ikaendelea kunguruma kwa sababu vingine vyote vilikuwa mahali pake. Msimu ule walirudi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1998, wakafika robo fainali, na wakatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti baada ya sare mbili za bila bao.

Sasa linganisha na Simba ya Agosti 2021. Tulikuwa na kikosi kilichokomaa kwa njia hiyohiyo: Kagere aliyetoka Gor Mahia na kufunga mabao 23 na 22 katika misimu miwili mfululizo, Wawa, Onyango, Chama, Luis Miquissone, na wazawa wa kiwango cha juu kama Manula, Kapombe, Tshabalala, Mkude na Bocco. Ndani ya dirisha moja Chama akaenda RS Berkane ya Morocco na Miquissone akaenda Al Ahly ya Misri. Tukapokea pesa, tukapoteza watu wawili waliokuwa wanaamua mechi, na ubingwa ukahamia Jangwani, kwa Yanga. Chama alirudi Januari 2022, Miquissone akarudi 2023, lakini timu waliyoiacha haikuwepo tena.

Yanga iliuza mmoja ikabakiza uti wa mgongo. Simba iliuza wawili waliokuwa uti wa mgongo wenyewe. Kwa macho yangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya vipindi hivi viwili vya utawala, kubwa kuliko habari ya nani ana pesa zaidi.

Njia hii ina kasoro moja isiyoepukika, nayo ni umri. Mchezaji wa miaka 28 unayempa miaka mitatu utamuaga akiwa na 31, mara nyingi bure. Mayele aliuzwa, lakini wengi wa kundi lile la 2021 waliondoka bila kuacha ada kubwa mezani. Ukichagua njia hii, kubali kwamba pesa yako inarudi kwa makombe na CAF au hairudi kabisa.

Njia ya pili: kufumua na kuanza upya

Msimu wa 2023/24 ulitupeleka nafasi ya tatu. Tulilingana pointi na Azam, 69 kwa 69, wakatuzidi kwa mabao. Kocha aliondoka, akaja mwingine, akaondoka. Katikati ya 2024 uongozi ukaamua kufumua. Akaja kocha Fadlu Davids, raia wa Afrika Kusini, na wachezaji wengi kwa mkupuo: Moussa Camara golini, Chamou beki, Debora Fernandes na Okejepha viungo, Jean Charles Ahoua, Joshua Mutale, Steven Mukwala, halafu Leonel Ateba, na baadaye Elie Mpanzu. Chama naye akavuka kwenda Yanga, jambo lililowauma wengi wetu.

Wengi walitabiri msimu wa kulia. Badala yake kikosi kile kilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, kikiitoa Al Masry kwa penalti baada ya kupindua 2-0, kisha Stellenbosch. Kwenye fainali RS Berkane walitufunga 2-0 kwao, na marudiano ya Zanzibar, Mei 25, 2025, yakaisha 1-1, bao letu likifungwa na Mutale. Kwenye ligi Ahoua alimaliza kinara na mabao 16, na ubingwa ukaamuliwa siku ya mwisho, Juni 25, Yanga walipotufunga 2-0.

Kwa hiyo damu changa inaweza. Faida yake ya kwanza ni thamani: kijana wa miaka 22 au 23 akifanya vizuri kwenye mechi za CAF, klabu za Misri, Morocco na Uarabuni zinamwona, na mkataba wake bado mrefu. Faida ya pili ni miguu. Mechi za ligi, Kombe la Shirikisho la TFF, CAF na safari za mbali za mikoani zinahitaji watu wanaoweza kukimbia siku ya tatu baada ya mechi.

Lakini iangalie hii njia kwa makini. Inakutaka uvumilie kocha mmoja, na sisi mashabiki wa Kariakoo hatuna uvumilivu huo, wala viongozi wetu hawana ubavu wa kutupinga. Fadlu mwenyewe aliondoka Septemba 2025 kwenda Raja Casablanca, msimu wa pili ukiwa ndio kwanza unaanza. Mohamed Hussein "Tshabalala", aliyekuwa beki wetu wa kushoto tangu 2014, akahamia Yanga dirisha hilohilo. Mradi wa vijana ukiondolewa mwalimu na ukiondolewa mkongwe wa chumba cha kubadilishia nguo, unabaki ni kundi la vijana wasiojuana. Ukichagua njia ya pili na hujamfunga kocha kwa mkataba unaoeleweka, umenunua nusu ya kitu.

Simba 2024 pia ilipewa msaada ambao timu nyingine haziwezi kuupata: mfuko wa kubadilisha kikosi kizima kwa dirisha moja. Kanuni za msimu ule ziliruhusu kusajili wageni 12. Klabu inayojaza nafasi zote 12 na kubadilisha nusu yao kila mwaka inahitaji pesa mara mbili, ya kuwaleta wapya na ya kuwaondoa wa zamani.

Hiyo ya kuwaondoa, ndiyo isiyotangazwa

Natenga nafasi kwa suala hili kwa sababu kwenye kurasa za klabu tunaona picha ya kuagana, maneno ya asante na moyo mwekundu au wa kijani. Hatuoni hesabu iliyobaki.

Chukua mfano wa kubuni. Mchezaji analipwa dola 5,000 kwa mwezi na amebakiza miezi 14. Klabu imemchoka. Ikivunja mkataba bila sababu halali, msingi wa madai yake ni mishahara ile iliyobaki, dola 70,000, hata kama hakufunga bao hata moja. Akipata timu nyingine, fidia inaweza kupungua. Asipopata, inabaki. Wavunjie wanne wa aina hiyo na umeteketeza kama Sh milioni 700 bila kununua hata jozi moja ya viatu.

Kuna kanuni mbili za FIFA ambazo kila mwanachama angepaswa kuzijua. Mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu, akaipa siku 15, na wasipolipa akaondoka huru akiwa bado anadai. Na klabu ikishaamriwa kulipa, ikapitisha siku 45 bila kulipa, inaweza kufungiwa usajili kwa hadi madirisha matatu mfululizo. Mnapoona timu imezuiwa kusajili, si uonevu wa watu wa FIFA kule Zurich. Mara nyingi ni mtu aliyeagwa kwa picha nzuri misimu miwili iliyopita na hakulipwa.

Kwa upande huu njia ya kwanza na ya pili zina hatari sawa. Njia ya tatu ndiyo salama zaidi, kwa sababu mikataba ya vijana ni midogo, ingawa nayo ina ubaya wake.

Njia ya tatu: kulea

Azam ndiyo klabu yetu iliyoweka saruji chini ya maneno haya. Ina uwanja wake Chamazi, ina akademi, na ilibeba ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mechi. Novatus Dismas alipita kwenye malezi yake kabla ya kwenda Maccabi Tel Aviv, Ubelgiji, Shakhtar na Göztepe ya Uturuki. Farid Mussa alitokea huko akaenda Tenerife. Aishi Manula alilelewa huko kabla ya kuja kwetu.

Na bado, tangu 2014 Azam haijabeba tena ligi. Agosti 2024 walirudi Ligi ya Mabingwa, wakatolewa hatua ya kwanza kabisa na APR ya Rwanda: walishinda 1-0 Dar, wakafungwa 2-0 Kigali. Uwanja mzuri na vijana wazuri havikutosha. Kwa mtazamo wangu Azam imeyumba kati ya njia mbili, ikilea kisha ikinunua juu ya wale iliowalea, hivyo kijana anafika miaka 20 anakuta winga wa kigeni kwenye nafasi yake. Msimu wao bora wa karibuni, ule wa 2023/24, ulibebwa na Feisal Salum, mzawa wa Zanzibar waliyemchukua kutoka Yanga, aliyefunga mabao 19 huku Aziz Ki akiongoza kwa 21.

Sakata la Feisal lenyewe linafaa kukumbukwa hapa. Desemba 2022 alitaka kujiondoa Yanga, kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wao, na mpaka akaenda Azam katikati ya 2023 ilikuwa miezi ya mvutano. Mzawa mwenye kiwango cha timu ya taifa akiona wageni waliokaa naye benchi moja wanaishi vizuri kumzidi, atataka kuondoka. Klabu inayolea inalazimika kumpandishia kijana mshahara kabla hajauliza, vinginevyo inamlelea jirani.

Mtibwa Sugar ni somo chungu zaidi. Mabingwa wa 1999 na 2000, klabu iliyotoa wachezaji kwa kila mtu. Dickson Job ametoka Mtibwa. Kibwana Shomari, Mzamiru Yassin, Shiza Kichuya, wote walipita Manungu, nyumbani kwa Mtibwa, kabla ya Kariakoo. Mwaka 2024 Mtibwa walishuka daraja, na iliwachukua msimu mmoja kurudi. Watu waliwatumia kama ushahidi kwamba kulea hakulipi. Mimi nauona ushahidi tofauti. Kulea bila mikataba inayokuachia kitu mchezaji akiuzwa ndiko kusikolipa.

Maana pesa ya malezi ipo, imeandikwa kwenye kanuni. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Misimu minne ya mwanzo, yaani miaka 12 hadi 15, ina robo asilimia kila mmoja. Inayofuata ina nusu asilimia. Kijana aliyekaa kwenu misimu minne kuanzia miaka 16, akija kuuzwa kwa dola milioni 1, ninyi mnastahili dola 20,000, kama Sh milioni 50. Akiuzwa tena, mnalipwa tena. Tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo maalumu cha malipo haya kinachosoma kumbukumbu za usajili za kielektroniki. Klabu ambayo haikumsajili kijana wake akiwa na miaka 14, au ilimwandika kwa jina lenye herufi tofauti na pasipoti, haionekani kwenye hesabu hiyo. Hapo ndipo timu zetu za mikoani zinapopoteza fedha. Mbwana Samatta alipita Mbagala, Simba, TP Mazembe, Genk na Aston Villa. Njia ya namna ile itapitwa tena na mtoto mwingine, na klabu ya kwanza iwe imejiandaa.

Kabla hujasema mchezaji hafai

Hili linagusa njia zote tatu, kwa sababu sisi mashabiki ndio tunaosukuma viongozi wavunje mikataba.

Aziz Ki msimu wake wa kwanza hakuwa kinara wa mabao, na maneno yalikuwa mengi kwa mtu aliyeletwa kwa kishindo kutoka ASEC ya Ivory Coast. Lakini bao lake Tunis dhidi ya Club Africain, Novemba 2022, ndilo lililoiingiza Yanga makundi ya Kombe la Shirikisho, na bila makundi hakuna fainali. Msimu wa pili akafunga 21. Angevunjiwa mkataba baada ya miezi minane, Yanga wangelipa fidia na kukosa mabao.

Mzani ninaoutumia ni huu: mgeni namtathmini baada ya mechi ishirini alizoanza, kwenye nafasi aliyonunuliwa kuchezea. Mshambuliaji namwangalia mabao yasiyo ya penalti, na nani aliyafunga dhidi ya nani. Kiungo mkabaji namtazama timu inapokuwa haina mpira. Kipa sihesabu mechi alizomaliza bila kufungwa tu, natazama na ukuta uliokuwa mbele yake. Na mzawa sitakubali apimwe kwa dakika kumi za mwisho timu ikiwa imeshafungwa mbili. George Mpole alikuwa kinara wa mabao wa ligi 2021/22 akiwa Geita Gold, mabao 17, moja zaidi ya Mayele. Alipewa dakika, akafunga. Clement Mzize naye alipandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga na akapata nafasi mbele ya wageni kwa sababu kuna makocha waliomwanzisha.

Nani achague nini

Kama klabu yako ina uhakika wa kucheza CAF na ina angalau vyanzo vitatu vya mapato vinavyojitegemea, njia ya kwanza inafaa, kwa masharti: nunua uti wa mgongo kwa dirisha moja, wape miaka mitatu, na kila mwaka uza au badilisha wawili tu. Yanga ya 2021 hadi 2024 ilifanya karibu hivyo. Msimu wa 2024/25 ilitumia makocha watatu, Gamondi, Ramovic na Hamdi, ikaishia makundi ya Ligi ya Mabingwa, lakini ubingwa wa ndani ikauchukua, kwa sababu Diarra, Job, Bacca na Aucho walikuwa walewale.

Kama una mfuko lakini kikosi kimezeeka, njia ya pili, na mkataba wa kocha uwe wa kwanza kusainiwa. Bakiza wakongwe wawili wa nyumbani hata kama miguu imepungua kasi. Kwa Simba ndicho ninachokitaka: madirisha mawili yajayo tusajili watu wachache, tuwape walioko miaka ya kujuana, na tusiwaandame wakitoka sare Dodoma.

Kama wewe ni wa Mbeya City, Coastal Union au timu yoyote inayopambana isishuke, njia ya kwanza itakuua. Hata mfadhili akija na pesa nyingi, muulize timu itakuwa wapi akiondoka. Watu wa Mbarali walioishuhudia Ihefu ikikata mfululizo wa Yanga wameona timu hiyohiyo ikihamishiwa Singida mwaka 2024 na kupewa jina jipya, Singida Black Stars. Timu imefanikiwa, ila uwanja wa Highland Estates umebaki bila wao.

Kwako nashauri njia ya tatu, ikichanganywa na wageni watatu au wanne tu wa nafasi ngumu kupatikana: kipa, beki wa kati, mshambuliaji. Vijana sita wa mkoa wako wasainiwe miaka mitatu wakiwa na 18. Usajili wao wa kielektroniki ukamilike tangu wakiwa timu ya watoto, majina yakilingana na cheti cha kuzaliwa. Mshahara upitiwe kila mwisho wa msimu. Na siku Yanga au Simba wakija na fedha kumchukua mmoja wao, msigombanie ada ya mwanzo peke yake: iandikwe kwenye mkataba asilimia mtakayopata wao watakapomuuza Misri, Morocco au Ulaya, na nakala ya mkataba huo ibaki ofisini kwenu.